Hesabu ya Ng'ambo ya Bwawa

6 Januari

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe, na mkwe wangu hajambo? Tumbo lake sasa litakuwa linamtangulia mlangoni. Mwambie asipande ngazi ovyo, haiwezekani mke wa fundi lifti apande ngazi. Mimi mzima. Nyonga inanisumbua asubuhi tu, nikishakunywa chai inaniacha.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Kwenye simu unaniitikia "ndiyo mama, ndiyo mama" huku nasikia umeshika spana. Barua utaisoma umekaa.

Tangu uondoke nyumba imerudia ukimya wake. Ule ufunguo wa pili niliokufungia uzi mwekundu wa sufu, utunze vizuri, usije ukapotelea kwenye rundo lako la funguo za kazini. Nimekupa ili siku yoyote ukija uingie tu, hata kama sipo.

Sasa sikiliza. Kuna watu bwawani. Jumamosi nilifungua dirisha la jikoni mapema nikawaona watu wanne ng'ambo ya maji, wamesimama kama wanaosubiri basi, na pale hapajawahi kupita basi. Mmoja ana darubini ya mkononi, mwingine ana ile kubwa inayosimama kwa miguu mitatu. Na unajua ilikuwa imeelekezwa wapi? Huku. Nyumbani kwetu. Nikafunga pazia nikachungulia pembeni. Wananong'ona, wananyoosha vidole, wanaandika. Nimekaa geti la kiwanda cha nguo mpaka nikastaafu, nikipekua mifuko ya watu wanaotoka zamu. Mtu aliyeficha shati tumboni nilikuwa namjua kwa jinsi anavyonisalimia. Wale si watu waliokuja kutazama maji.

Ninavyodhani mimi, wanapima. Viwanja vya kandokando ya bwawa sasa kila mtu anavitolea macho. Jirani yangu mshona viatu ameshafuatwa na watu waliovaa viatu visivyojua vumbi, wakamuuliza anauza lini. Kwangu waje. Nyumba hii baba yako aliijenga chumba kimoja kimoja, na zege la jikoni nililichanganya mimi nikiwa na mimba yako. Sitoki humu ila nibebwe. Na kwa kuwa baada ya msiba wake tuliiandika hati kwa jina lako, uliposema huko ofisini itarahisisha mambo, wakija na makaratasi yao nitawaambia wakutafute wewe. Watachoka njiani.

Niandikie unaonaje.

Mama yako


15 Januari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, baridi tu ndiyo inatuchezea. Mkwe wako anakusalimia sana. Ameanza kulala kiti cha sebuleni kwa sababu kitandani, anasema, mtoto anampiga mateke akimgeukia baba yake.

Barua yako imenitia wasiwasi, mama. Tafadhali usiwasogelee watu hao. Kama wanapima, wapime, hawawezi kuchukua nyumba kwa macho. Wewe funga mlango, usimfungulie usiyemjua, na usiende kule bwawani kabisa. Njia ile ina utelezi. Umesahau ulivyoanguka pale kwenye kamba ya nguo? Mimi sijasahau. Nilikuwa juu ya jengo nimening'inia kwenye mkanda wangu wakati mshona viatu ananipigia simu kuniambia ulilala chini nusu siku bila mtu kujua.

Chumba chetu kile cha pili bado hakina mtu. Nasema tu.

Mwanao


29 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Nyonga yangu inaendelea vizuri, tena vizuri mno, kwa sababu umeniambia nisiende bwawani na nimekwenda.

Ningekaaje? Nimekaa Jumamosi mbili nyuma ya pazia, roho juu, chai inapoa. Ya tatu nikavaa koti la baba yako, nikashika mwavuli kwa ajili ya kujitetea, nikazunguka bwawa lote mpaka nikawatokea nyuma.

"Mnafanya nini hapa?"

Mwanamke mmoja akanigeukia. Ni nesi wa wodi ya watoto, nilikuja kujua baadaye. Ana upole ule unaokufanya ushike mkoba wako. "Tunahesabu ndege, mama."

"Ndege wa nani?"

"Wa hapa hapa bwawani."

"Na mkishawahesabu?"

"Mwakani tunawahesabu tena."

Mwanangu, hebu niambie, ungekuwa wewe ungeamini? Kuku nahesabu, ni wangu, na akipungua mmoja najua nimgombeze nani. Lakini watu wazima kuacha usingizi wa Jumamosi waje kuhesabu ndege wasio wao, hawawafugi, hawawali! Nikamwambia nesi afungue begi lake nilione. Mazoea ni kitu kibaya. Cha ajabu akalifungua. Ndani mlikuwa na chupa ya chai, mkate, soksi kavu, na kitabu kilichojaa picha za ndege. Nikatia mkono mpaka chini kabisa. Hakuna kitu kingine.

Basi nikasema nataka kujiunga. Usipige kelele, nakujua. Nimejiunga ili niwe karibu nao, nione wanaandika nini. Getini tulikuwa tunafanya hivyo hivyo, ukimshuku mtu unakwenda kula naye chakula cha mchana.

Wakanipa darubini na kunipangia kona moja ya maji. Kuna ndege anaitwa kibisi, mdogo, mnene, anaogelea kama hana shida na mtu. Nikahesabu, nikahesabu, nikawapelekea kibisi kumi na saba. Nesi akachungulia kidogo, akaniambia, "Wapo wawili tu, mama. Anazama hapa, anaibukia kule, na wewe unamhesabu upya." Mwanamume mmoja wanayemwita Kofia, kwa kuwa hajawahi kuonekana bila kofia, alicheka mpaka akalazimika kuishika. Nilisikia aibu. Mimi, ambaye getini hapakupita mtu mara mbili nisimjue!

Kanuni yao kubwa ni kwamba unaandika ulichoona, si unachodhani. Nikawauliza, na mnachodhani mnakipeleka wapi? Nesi akasema, "Tunarudi nacho nyumbani." Mimi nimerudi nacho. Huyo Kofia anasema ni fundi rangi. Ameniuliza kama ukuta wangu wa upande wa maji unavuta unyevu, na kama nyumba ni yangu peke yangu. Fundi rangi anataka nini na umiliki wangu?

Jumamosi ya kwanza ya Machi ndiyo hesabu yenyewe, siku watu wa mabwawa yote wanapohesabu kwa pamoja. Mpaka hapo tunafanya mazoezi kila Jumamosi. Nitakuwepo, macho kodo.

Mama yako


5 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Tumecheka na barua yako mpaka mkwe wako akaniomba niache kusoma, mbavu zinamuuma.

Nimefikiri tena. Nadhani niliharakisha kukukataza. Daktari alisema unahitaji kutembea, na hewa ya asubuhi ni nzuri. Endelea nao, mama. Nenda kila Jumamosi, usikose. Wakati mwingine tunashuku watu bure. Nimekutumia mabuti ya mpira yenye soli ya kushika, utayapata wiki hii.

Ila niambie, mnaanza saa ngapi na kumaliza saa ngapi? Na unapokuwa huko, nyumbani anabaki nani? Nauliza kwa usalama tu. Na ukitoka unafunga kufuli moja la nje, au na lile komeo la zamani? Komeo lile limeshika kutu, bora usilitumie, litakukatalia siku moja ukiwa nje.

Mwanao anayekupenda


17 Februari

Mwanangu,

Salamu. Mabuti yamefika na yamenitosha kama yalipimwa mguuni. Ahsante sana. Kofia ameyasifu, nami nikamwambia yametoka kwa fundi lifti wangu.

Umeniuliza maswali mengi. Tunaanza kukipambazuka na kumaliza jua likishakuwa kali. Nyumbani habaki mtu. Mshona viatu Jumamosi yuko sokoni. Nafunga kufuli la nje peke yake, komeo nimeliacha kama ulivyosema. Lakini wewe mtoto, si ndiye uliyekuwa unanikataza kutoka hata kwenda dukani kukiwa na manyunyu? Nani amekubadilisha hivi? Nimefurahi, usinielewe vibaya. Nimefurahi nikashangaa.

Na sasa nina jambo la kukuambia, ulisome mwenyewe, usimsomee mkwe wangu. Mtu anaingia nyumbani kwangu. Jumamosi ya kabla ya iliyopita niliporudi nilikuta mkeka wa mlangoni umegeuzwa, maua yake yanatazama ndani. Nikasema labda mimi. Kisha chumbani kwangu palinukia mafuta mazuri, ya mtu anayejipenda. Kwangu hakuna mafuta ya aina hiyo. Hakuna kilichoibiwa. Nimepekua nyumba yangu mwenyewe kama mali ya kiwanda, mpaka chini ya godoro, na kila kitu kipo. Mwizi asiyeiba ndiye wa kuogopwa, maana huyo anajua atarudi.

Jumamosi iliyopita nikafanya ujanja wa getini. Kabla sijatoka nikapitisha uzi mwembamba kutoka kitasa cha mlango mpaka msumari wa ukutani, chini, mahali ambapo mtu mwenye haraka hawezi kuuona. Niliporudi kufuli lilikuwa limefungwa vizuri, na uzi umekatika.

Sasa jumlisha. Wanaojua nyumba yangu ina mtu au haina ni akina nani? Wanaonitoa kila Jumamosi ni akina nani? Nesi ananishikia darubini, ananionyesha yangeyange mweupe huyu, mnandi mweusi yule anayeanika mabawa, na wenzake wako wapi? Jumamosi iliyopita Kofia alichelewa. Alisema ameshikwa na kazi.

Nimewaomba siku ya hesabu wanipange kituo cha ng'ambo, pale ilipokuwa darubini kubwa. Kutoka pale naona mlango wangu wa mbele mpaka rangi inavyobanduka. Nitawakamata nikiwa kwenye benchi lao wenyewe.

Mama yako


23 Februari

Mama,

Shikamoo. Nimepokea barua yako jana na nakujibu mbio mbio. Tafadhali usimshitaki mtu. Hao watu wa ndege ni watu wema. Nyumba ya zamani mama, milango inacheza, upepo unaingia, uzi unakatika wenyewe. Hata ule ufa wa juu ya dirisha la jikoni unaonyesha ukuta unahama. Usianze kuwaza wezi.

Na kituo cha ng'ambo kiko mbali kwa nyonga yako. Waombe wakupe cha karibu na barabara, upande ule wa miti. Lakini usiache kwenda. Nenda kabisa.

Mwanao


3 Machi

Mwanangu,

Nakusalimu, na mkwe wangu namsalimia. Naomba Mungu amfikishe salama. Nyonga yangu haina neno.

Hesabu imefanyika. Nitakuandikia kama walivyonifundisha, nilichoona tu.

Tulikaa wawili wawili, isipokuwa Kofia aliyekuwa peke yake. Mimi nilikuwa na nesi, ng'ambo, pale pale nilipotaka. Sheria ya siku hiyo ni kwamba hamna kuondoka kituoni mpaka filimbi ya mwisho, kwa sababu ukiondoka, ndege wa upande wako hawatahesabiwa na mtu. Kofia alikuwa kituo cha pili, namuona kabisa kwa jicho tupu, kofia yake iko juu ya majani. Wenzake wawili walikuwa kule kwenye miti. Wote wanne walikuwepo. Nikaanza kujisikia vibaya hapo hapo, maana nilikuwa nimekuja kuwakamata na hakuna aliyekosekana.

Jua lilipoanza kuchoma, gari jeupe likasimama mbele ya nyumba yangu. Nikaigeuza darubini kubwa. Wakashuka wanaume wawili na mwanamke mmoja mwenye viatu virefu. Mwanamume wa mbele hakuvunja kitu. Alifungua kufuli kama mtu anayeingia kwake. Mlango ukabaki wazi. Nikamuona mwanamke anafunua pazia langu la jikoni na kugonga ukuta kwa vidole, akiinua macho kutazama juu ya dirisha. Mwanamume wa pili alitoka uani akivuta tepu ya kupimia kutoka ukutani mpaka kwenye kamba yangu ya nguo. Nguo zilikuwepo. Alizisogeza kwa mkono. Yule wa kwanza alitoa kiti cha baba yako akakiweka kibarazani, akakaa, akapiga simu, akicheka.

Nesi akaniuliza, "Mama, vipi? Mbona umeacha kuhesabu?"

Nikamwambia, "Kuna watu nyumbani kwangu."

Alishika filimbi yake. Alikuwa tayari kuivunja hesabu, mwanangu, hesabu ya mwaka mzima, ili watu wote wakimbie wakanisaidie. Na mimi, mwenye nyumba, nilimshika mkono nikamzuia. Kwa sababu wakati huo yule wa simu alikuwa anauzungusha ufunguo kidoleni, na darubini ile inaonyesha mpaka ukucha wa ndege. Ufunguo ulikuwa na uzi mwekundu.

Ningepiga kelele za mwizi, halafu akikamatwa aulizwe, amepata wapi ufunguo?

Kuizunguka njia ya bwawa ningewakuta wameshaondoka. Basi nikakaa. Nesi alisema ningoje tu, atahesabu yeye. Nikamwambia hapana, nimepewa kazi. Nikafuta macho nikahesabu. Yangeyange ishirini na mmoja. Mnandi wanane. Kibisi wawili. Wawili, mwanangu, safari hii sikukosea. Filimbi ilipolia nilimwambia nesi kila nilichokuwa nawadhania yeye na wenzake, tangu siku ya begi. Akasema walijua, ndiyo maana alinifungulia begi bila kuuliza. Kofia naye alinijia kuniambia kwamba aliniuliza ukuta kwa sababu anaona rangi inabanduka, angependa kuja kuupaka kwa msaada. Nilishindwa kumtazama usoni.

Ule ufa wa juu ya dirisha ulitokea kwenye mvua za baada ya wewe kuondoka. Sikukuandikia. Nilipousoma kwenye barua yako nilijiambia labda nilikuandikia nikasahau, nikausingizia uzee wangu. Na mabuti nayo nikayatetea hivyo hivyo. Na maswali ya saa ngapi, na komeo. Nimekaa getini maisha yangu yote na sijawahi kupekua begi lako, hata siku moja.

Ninachodhani sijakiandika. Nakuachia wewe uandike.

Mama yako


26 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimeianza barua hii mara nyingi na kuichana. Mkwe wako amesema nisipoimaliza leo ataiandika yeye, na yeye hatanionea huruma.

Ni kweli. Yule mwenye ufunguo ni dalali. Nilimwachia mwenyewe nilipokuwa naondoka, nilipitia ofisini kwake kabla ya kupanda gari la uwanja wa ndege. Mwanzoni nilitaka ajue bei tu. Halafu akapata mteja, yule mwanamke. Mteja akataka kuona ndani, na wewe hutoki nyumbani, na ndipo ukaniandikia kuhusu ndege. Nikaona njia. Nilikununulia mabuti, mama. Sina namna ya kulisema hilo likawa zuri.

Sijasaini. Karatasi ziko mezani kwangu tangu wiki ya hesabu yenu. Dalali ananipigia kila siku, amenipa mpaka mwisho wa Aprili.

Lakini na mimi nisikilize, kwa sababu nimekasirika pia. Ungekubali ningekuambia? Nilipokuja mwishoni mwa mwaka nilikuomba mara ngapi uje ukae na sisi? Uliniambia utatoka humo ukibebwa, ukacheka, ukaniongezea chai. Mimi sikucheka. Mimi ndiye nitakayepigiwa simu nikiwa juu ya jengo, niambiwe umebebwa. Kila simu ya namba ya nyumbani ikiita, naogopa kuipokea. Chumba nimekipaka rangi. Mtoto atazaliwa hamjui bibi yake. Nilijiambia nikishauza utanuna mwezi mmoja, kisha utamshika mtoto na yataisha.

Nilikuogopa, mama. Tangu utotoni, nikikutazama machoni unajua nimeficha nini. Ndiyo maana jambo hili nililifanya nikiwa mbali.

Naomba uje. Kama hutaki nyumba iuzwe, tuongee. Niandikie chochote.

Mwanao


4 Aprili

Mwanangu,

Salamu kwa mkwe wangu. Mwambie ahsante kwa kukusimamia.

Kwamba unaogopa nife peke yangu, hilo nimelisoma mara mbili na nimelia. Hilo sikulijua, na ungeniambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, sisemi ningekubali lakini nisingecheka. Kwamba unataka nimshike mtoto, na mimi nataka. Sina ugomvi na chumba chako.

Ugomvi wangu ni mmoja. Uliniangalia nikifurahia kitu, ukakitumia kunitoa mlangoni kwangu. Kila Jumamosi nilikuwa nakwenda kule kama mjinga aliyevaa mabuti mapya, watu wasiokuwa ndugu zangu nikawaona wezi, na ndugu yangu nikamuona mlinzi. Mgeni akasogeza nguo zangu za ndani kwenye kamba. Unajua inavyokuwa kulala kwenye chumba ambacho watu wamekipima? Nasikia viatu vya yule mwanamke hata nikiwa macho.

Nimebadilisha kufuli. Ufunguo wenye uzi sasa haufungui kitu, mwambie dalali wako autupe. Kofia amenisaidia kulainisha komeo la zamani, halikuwa na ubaya wowote, lilihitaji mafuta tu.

Unasema hujasaini. Siamini. Ukiniandikia kesho kwamba umezichana karatasi, sitaamini pia, na hilo linaniuma kuliko nyumba. Hati ni ya jina lako. Ukitaka kuuza, sheria iko upande wako na mimi sina cha kukuzuia nacho. Basi usiniandikie tena. Barua zako ninazisoma sasa kama nilivyokuwa nikisoma nyuso za watu wa zamu, natafuta mahali ulipoficha, na mama hapaswi kumsoma mtoto wake hivyo.

Bwawani naendelea kwenda. Nawapenda wale watu.

Mama yako


26 Aprili, kibarazani kwako

Mama,

Shikamoo.

Ulisema nisiandike, na nilikuwa nimekuja kusema kwa mdomo. Nimefika na gari la alfajiri. Nimekuta kufuli jipya na komeo, na wewe haupo. Nikakaa hapa chini. Ng'ambo ya maji nikaona watu wawili na darubini ya miguu mitatu, na imeelekezwa huku. Nikapunga mkono. Hakuna aliyepunga.

Nimekaa. Jua limepanda, limenifikia miguuni, sasa liko usoni. Mshona viatu alipita akienda sokoni, akanitazama kama mtu aliyeambiwa, akaniachia kopo la maji.

Muda mfupi uliopita amekuja mwanamume mwenye kofia. Akaniuliza, "Wewe ndiye fundi lifti?" Nikasema ndimi. Akaniambia, "Mama amekuona tangu uliposhuka kwenye gari. Anasema usubiri, bado anahesabu." Nikamuuliza, leo nayo ni siku ya hesabu? Akatazama maji kwanza. Akasema, "Hesabu iliisha mwezi wa tatu, kijana." Nikamuomba angoje akuletee karatasi hii, kwa sababu nimeona ukinisubirisha mpaka jioni ni haki yako, ila kuna vitu nataka uwe unavijua huku unanitazama.

Mkwe wako amebakiza wiki tatu. Ndiye aliyenifukuza, alisema hataki kuzaa mtoto kwa mtu asiyeweza kuingia kwao. Dalali nimempitia jana, nimemwambia basi, na amenitukana vizuri. Hati ninayo hapa kwenye bahasha, iliyo mapajani mwangu. Jumatatu ofisi zikifunguliwa twende tuiandike jina lako. Usipoamini hilo mpaka Jumatatu ipite, sitalalamika. Ukija kutuona, utakuja kwa tiketi ya kwenda na kurudi. Na ukikataa kuja, nitakuja mimi, na nitaendelea kuogopa simu, nitazoea.

Nakuona sasa. Wewe ndiye wa koti la baba. Mwenzako amekaa chini anakunywa chai, wewe bado umeinama kwenye darubini. Sijui kwa umbali huo unaniona usoni au hapana. Mimi sikugeuki. Tazama mpaka uridhike.

Hesabu pole pole, mama. Mimi nipo hapa mlangoni, nasubiri unifungulie.

Mwanao